Kungojea Saa na Kupoteza Wakati

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeumba usiku na mchana, na Akaapa kwa Wakati katika Kitabu Chake kitukufu ili waja Wake wajue thamani yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, s.a.w., na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu ya baada ya Maghribi lililetwa suala ambalo mwanzo wake liliwachekesha baadhi ya waliohudhuria, na mwisho wake likatunyamazisha sote. Tumeona ni wajibu kulieleza hapa, kwa kuwa lililompata aliyeuliza laweza kumpata mwengine, na huenda limekwisha kuwapata wengi walioona haya kuuliza.

Muulizaji ni kijana wa mji wetu, mtu wa swala, ambaye husafiri Dubai kununua bidhaa na kuja kuziuza huku. Alitamani saa ya mkono ya Uswisi, katika zile ambazo kupatikana kwake ni taabu hata kwa mwenye fedha mkononi. Alikwenda kwenye duka la wakala aliyeidhinishwa na kiwanda. Akaiona saa ile ndani ya kioo, akauliza bei, akajibiwa kwa upole kwamba hiyo ni ya kutazamwa, haiuzwi. Jina lake likaandikwa katika orodha ya wangojao, lakini hakupewa nambari wala siku. Muuzaji akamfahamisha, kwa maneno ya kuzunguka, kwamba duka huwatazama kwanza wateja wanaojulikana kwa kununua. Kijana akafahamu. Safari ile alinunua bangili asiyoihitaji. Safari ya pili akanunua saa nyengine asiyoipenda. Safari ya tatu akampelekea muuzaji yule zawadi ya udi na manukato. Ikapita miaka miwili katika hali hiyo.

Fedha zilizonunua vitu hivyo hazikuwa zake zote. Baba yake alipofariki nyumba yao iliuzwa, na mafungu ya dada zake wawili yakawekwa kwake awatunzie mpaka wapate kiwanja. Alichukua humo, akisema moyoni mwake kwamba atarudisha. Sasa amepigiwa simu: saa yake imefika, aende akailipie kabla ya siku saba kupita, ama sivyo atapewa mwengine. Na katika wiki hiyo hiyo dada yake mkubwa amemwambia kwamba kiwanja kimepatikana. Kijana akaja akatuuliza mambo matatu. Je, ni halali kununua saa kama hiyo? Je, njia aliyoipita kuipata ina makosa? Na je, yafaa aichukue kwa zile fedha zilizobakia, kisha aiuze kwa faida awalipe dada zake?

Jina la duka hatulitaji, wala la kiwanda, kwani nia yetu si kumshitaki mtu bali ni kujiponya sisi wenyewe.

Yafaa kwanza tueleze biashara hii ilivyo, maana hukumu ya kitu haitolewi ila baada ya kukijua. Katika saa zinazotafutwa kwa namna hii, mashuhuri zaidi ni za Rolex, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1905 na Hans Wilsdorf na mwenziwe, na baadaye ikahamia Geneva. Saa yake iitwayo Daytona ilianza kutolewa mwaka 1963. Ilipotolewa kwa namna mpya mwaka 2023, ile ya chuma cha pua ilipangiwa nchini Marekani bei ya dola 15,100. Na wale walioikosa dukani wakainunua kwa wachuuzi kwa karibu maradufu ya bei hiyo. Kiwanda cha Patek Philippe, kilichoanza mwaka 1839, kiliacha mwaka 2021 kuitengeneza saa yake ya Nautilus nambari 5711. Moja katika za mwisho, yenye uso wa rangi ya buluu na jina la duka la Tiffany, ambayo bei yake dukani ilikuwa dola 52,635, ilinadiwa New York mwezi wa Disemba mwaka huo huo kwa zaidi ya dola milioni 6.

Sababu ya mambo hayo si siri. Viwanda hivi hutengeneza kadiri yao, na watakao ni wengi kuliko saa. Kiwanda hupanga bei, na wakala hana rukhsa ya kuipandisha. Bei ikifungwa chini ya bei ya soko, basi fedha peke yake haiwezi tena kumchagua mnunuzi. Atakayechagua ni muuzaji, na kinachobaki kuuzwa ni upendeleo. Haki isemwe pia: kampuni ya Rolex ilieleza mwaka 2021 kwamba uhaba huo si hila yake, bali haiwezi kuongeza kazi bila ya kupunguza ubora. Na kununua kwa wakala mwenye idhini kuna faida ya kweli, kwa sababu saa za bandia zimejaa duniani, na mwenye kununua kwa wakala hupata iliyo asili pamoja na dhamana ya kiwanda, ambayo kwa Rolex ni miaka mitano tangu mwaka 2015. Mtume, s.a.w., alitia mkono wake katika rundo la nafaka sokoni akakuta majimaji yaliyofichwa chini, akamkataa mwenye kughushi asiwe katika sisi. Kwa hiyo mwenye kujikinga na ghushi hakufanya baya.

Sasa na tuingie katika jawabu.

Ama suala la kwanza, asili ya vitu ni halali. Saa ya chuma cha pua haina uharamu kwa kuwa ni ghali. Masahaba walikuwamo matajiri wakubwa, na Mtume, s.a.w., alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, alibainisha kwamba hicho sicho kibri. Kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Lakini mambo mawili yapasa kuangaliwa. La kwanza, saa ya dhahabu kwa mwanamume ni haramu, iwe imetoka kwa wakala au kwa mchuuzi, na wala haihalalishwi na kusema kwamba ni saa si pete. La pili, halali nayo ina mpaka, na mpaka wake ni israfu. Israfu haipimwi kwa bei peke yake, bali hupimwa kwa mwenye kununua. Aliyelipa madeni yake, akatoa Zaka yake, akawatimizia walio chini yake, kisha akanunua kitu cha thamani kwa ziada ya mali yake, huyo hatumwiti mbadhirifu. Lakini mwenye kumwacha mwenye haki mlangoni akaenda kununua pambo, huyo ni mbadhirifu japokuwa alichonunua ni cha shilingi kumi.

Tukumbushe hapa jambo ambalo wengi hulisahau. Saa ya kuvaa, isiyokuwa ya dhahabu wala ya fedha, haina Zaka. Ikinunuliwa kwa nia ya kuuzwa, hiyo imekuwa mali ya biashara, na Zaka yake ni asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka itimizapo nisabu. Na saa ya dhahabu aliyoivaa mwanamume inatolewa Zaka, wala dhambi ya kuivaa haiondoki kwa kuitolea.

Ama suala la pili, la njia, hapo ndipo palipotunyamaza. Mtume, s.a.w., amekataza biashara mbili ndani ya biashara moja. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tuyafuatayo katika pwani hii, ameifasiri kuwa ni mtu kumwambia mwenziwe: nakuuzia hiki kwa sharti ya kuwa nawe uniuzie kile. Ikiwa muuzaji wa saa amelitia katika mkataba sharti la kununua kwanza bangili, basi mkataba huo una kasoro. Ikiwa hakulisema ila kwa ishara, na kila kitu kimeuzwa kwa mkataba wake, basi kwa dhahiri yake biashara imesihi. Lakini je, mnunuzi amesalimika? Ametoa mali kununua kitu asichokitaka, ili apendezwe naye mtu asiyemjua, ili auziwe kitu asichokihitaji. Sisi hatujui jina jengine la kuipa mali iliyokwenda njia hiyo isipokuwa mali iliyotupwa.

Na ile zawadi ya udi? Kijana alituambia kwamba ni ukarimu tu, kama ilivyo ada ya watu wa pwani. Tukamkumbusha kisa cha yule aliyetumwa na Mtume, s.a.w., kukusanya Zaka, akarudi akagawa mafungu mawili: hili ni lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari akauliza mbona hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake akatazama kama ingemjia zawadi hiyo. Basi nasi twauliza: lau muuzaji yule angekuwa anauza mbatata, kijana wetu angalimpelekea udi? Zawadi ambayo haitolewi ila kwa sababu ya kiti alichokalia mtu, ili amtangulize aliyetoa mbele ya waliotangulia, hiyo ni rushwa hata ikifungwa kwa karatasi ya kung'ara. Na walioko nyuma katika orodha, ambao hawakuleta udi, wana haki zao nao.

Tena kuna jambo la tatu katika njia hii. Baadhi ya mawakala humtaka mnunuzi aahidi kwamba saa ni ya kuvaa mwenyewe, na kwamba hataiuza kwa muda fulani. Muislamu akitoa ahadi hiyo na moyoni ameazimia kuiuza siku ya pili, amesema uwongo na amevunja ahadi, na hizo ni mbili katika alama za mnafiki alizotubainishia Mtume, s.a.w. Wala asijitetee kwa kusema kwamba aliyeahidiwa si Muislamu, au ni tajiri. Ahadi haina dini wala rangi. Wazee wetu waliofanya biashara kwa majahazi waliaminiwa na watu wa mbali kwa neno lao tu, na neno hilo ndilo lililoufikisha Uislamu mahali ambapo hapakufika upanga wowote.

Ama suala la tatu, la kuiuza saa na kuwalipa dada zake kwa faida, hilo ndilo lililokuwa na utamu katika sikio, na ndilo baya zaidi. Kijana alituhisabia kwa vidole: atalipa kadha, atauza kwa kadha, atawalipa dada zake wote, na yeye asibaki na deni. Tukamwambia: fedha zilizobakia ni za nani? Akanyamaza. Amana haifanyiwi biashara ila kwa idhini ya mwenyewe. Wewe umekwisha kuila sehemu yake moja, sasa wataka kuitia khatarini sehemu ya pili ili kuirejesha ya kwanza. Na faida unayoihisabu haimo mfukoni mwako. Bei za saa hizi kwa wachuuzi zilipanda mpaka mwanzo wa mwaka 2022, kisha zikaanguka, na wengi waliozinunua kwa kungojea faida walibaki nazo mikononi. Ukipata, umepata kwa mali ya wengine bila rukhsa yao na kwa ahadi ya uwongo. Ukikosa, dada zako ndio waliokosa. Hapana mlango hapo ambao utautoka ukiwa mtu wa haki.

Na amana hii si amana ya hivi hivi. Ni mirathi ya wanawake. Mwenyezi Mungu hakumwachia mfalme wala kadhi kupanga mafungu ya mirathi, bali ameyapanga Mwenyewe katika Sura ya Nisaa, na baada ya kuyataja Akaiita ni mipaka Yake. Ndugu zetu, tuseme kweli: ni wanawake wangapi katika miji yetu ambao mafungu yao yamo mikononi mwa kaka zao, na wanaona haya kuyadai wasije wakaambiwa wamevunja udugu? Haya zao zisifanywe ni idhini. Dada aliyenyamaza hakusamehe. Aliyesamehe ni yule aliyesema kwa ulimi wake, kwa khiyari yake, naye ajua anachokisamehe.

Mtu asidhani kwamba lawama yote twamtupia kijana huyu. Sisi pia tunayo sehemu yetu. Nani aliyemfundisha kwamba mkono wenye saa ile ni bora kuliko mkono usiokuwa nayo? Katika maarusi yetu anayeingia na saa ya fakhari huondolewa mtu kitini ili akae yeye, na mwalimu wa chuo aliyewafundisha Alhamdu wote waliomo humo hukaa karibu na viatu. Mchumba akija kuposa, kabla ya kuulizwa swala yake, hutazamwa kifundo cha mkono wake. Vijana wanatuona. Tukiwapimia heshima kwa saa, wataiendea saa, na wakiikosa kwa mali yao wataitafuta kwa mali ya dada zao. Kijana alitamka neno mbele yetu ambalo hatutalisahau. Alisema: nilitaka nikiingia mahali watu wajue kwamba nimefika. Naye kufika kwenyewe amekufanya kwa kusimama miaka miwili mbele ya meza ya mtu, akimchekea na kumzawadia, ili akubaliwe kuuziwa. Ametafuta izza kwa kujidhalilisha, na izza yote ni ya Mwenyezi Mungu.

Basi na tuitazame saa yenyewe, ni chombo cha nini? Ni cha kujulisha wakati. Waislamu wa zamani walikitukuza chombo hiki kwa sababu hiyo. Misikiti mikubwa ilikuwa na mtu wa kazi hiyo, aliyeitwa muwaqqit, na katika hao alikuwamo Ibn al-Shatir wa Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, aliyetengeneza mwaka 1371 saa ya kivuli ya jua kwa mnara wa msikiti ule. Walijitaabisha kwa ajili ya wakati, na wakati waliutaka kwa ajili ya Swala. Sisi tumegeuza: twaupoteza wakati kwa ajili ya saa. Tena kwa kazi ya kujulisha wakati, Rolex huahidi saa yake haitapotea zaidi ya sekunde 2 kwa siku, nayo ni kazi kubwa ya ufundi kwa saa ya magurudumu. Lakini saa ndogo ya plastiki ya Casio ya namna ya F-91W, iliyotoka mwaka 1989, yenye betri, ambayo hata mwanafunzi aweza kuinunua, hiyo yakadiriwa kutopotea zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Kwa mwenye kutaka kuwahi Alfajiri, ya plastiki haikupungukiwa na kitu.

Mtume, s.a.w., aliswali siku moja katika nguo yenye nakshi, nakshi zile zikamshughulisha. Alipomaliza akairudisha kwa aliyempa, akataka badala yake nguo isiyo na pambo. Huyo ni Mtume, na nguo ile ilikuwa halali. Basi kila mmoja wetu na ajiulize, akifunga mikono yake katika Swala, jicho lake latua wapi?

Kijana wetu alingoja miaka miwili na hakuchoka, ilhali imamu akirefusha sura kidogo hutazamwa kwa jicho baya. Subira tunayo, ndugu zetu. Tumeiweka pasipokuwa pake. Na katika lugha yetu neno saa ni la chombo, na ni la wakati, na katika Kurani ni jina la Siku ya Kiyama. Hiyo Saa ya mwisho haina wakala wala orodha, wala hapana zawadi itakayoisogeza mbele au nyuma. Siku hiyo mja hataondoka pale alipo mpaka aulizwe umri wake ameumalizia katika nini, na mali yake ameipata wapi na ameitumia wapi.

Tulimwagiza kijana mambo manne. Aiache saa ile apewe mwengine. Awape dada zake kwa siku ile ile fedha zao zilizobakia. Awaeleze kweli bila ya kupamba, na kilichopungua kiandikwe kuwa ni deni mbele ya mashahidi wawili, kama tulivyoamrishwa katika Sura ya Bakara. Na vile vitu alivyovinunua avifikishe sokoni, akubali khasara yake mwenyewe, kwa kuwa khasara ya duniani ina mwisho. Aliondoka bila ya kusema neno, nasi tulikhofu. Lakini alirudi baada ya siku tatu pamoja na dada zake, na hati ikaandikwa katika baraza ya msikiti. Dada yake mkubwa alilia, kisha akamuuliza kwa nini hakumwambia mapema. Deni halijesha, na kiwanja kile kimenunuliwa na mtu mwengine. Twayaandika haya ili isidhaniwe kwamba toba huyafuta madhara ya watu kwa usiku mmoja. Toba hufungua njia ya kuyalipa.

Aliye na amana ya mtu mkononi mwake, na airudishe kabla ya kusoma gazeti linalofuata. Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuuona wakati wetu kabla haujakwisha, atuepushe na kibri na riya, na awajaze vijana wetu utajiri wa nyoyo. Amin.

Wabillahi ttawfiq.